Unga wa oksidi ya kobalti unabaki na sodiamu na sulfati: nibadilishe uoshaji, moto au njia nzima?

Mtafiti wa Katuba

Wakubwa wangu na ndugu wa taaluma, salamu kutoka Lubumbashi. Ninaandaa kazi ya kumaliza masomo ya uhandisi, na lengo lake ni kutengeneza unga wa oksidi ya kobalti, ile nyeusi yenye fomula Co₃O₄, wenye usafi wa asilimia 99.9, unaofaa kwa rangi ya buluu ya vyombo vya kauri na kwa varista za oksidi ya zinki, yaani vifaa vinavyokinga mitambo ya umeme volti inapopanda ghafla. Ninataka kuonyesha kwamba unga wa daraja hilo unaweza kutoka katika hidroksidi ghafi ya kobalti inayozalishwa hapa hapa Katanga, ile tunayoiona ikipita ndani ya magunia makubwa kuelekea mpakani Kasumbalesa huku kobalti yenyewe ikiwa ni takriban theluthi moja tu ya uzito wake.

Njia ninayofuata ni hii. Ninaiyeyusha hidroksidi katika asidi ya sulfuriki, na sehemu inayokataa kuyeyuka ninaitibu kwa metabisulfiti ya sodiamu. Kisha ninapandisha pH hadi 4 kwa chokaa ili chuma na alumini vitoke, ninachuja, halafu ninamimina soda kali hadi pH 9 huku nikikoroga. Mashapo hutoka yakiwa ya buluu, baadaye hugeuka waridi, na yakikaa hewani huwa kahawia. Ninayachuja, ninamimina maji safi juu ya chujio mara nyingi, ninayakausha kwa nyuzi 110, kisha ninayachoma kwa nyuzi 600.

Majibu ya maabara yanaonyesha kwamba sodiamu na salfa peke yake zimekwisha kuvuka sehemu 1,000 kwa milioni, yaani uchafu wote ninaoruhusiwa katika asilimia 99.9, kabla sijahesabu magnesiamu, manganizi na kalisiamu. Tena unga una vidonge vigumu ambavyo kinu hakivivunji vizuri. Je, niongeze maji ya kuoshea, niongeze moto ili sulfati iungue, au niache njia hii kabisa? Ninaomba pia sababu, kwa kuwa nitapaswa kuzitetea mbele ya jopo.

Mama wa Maabara, Kamalondo

Mwanangu, asante kwa kueleza hatua zote, maana bila hizo tungekuwa tunabahatisha. Nianze na moto, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Sulfati ya kobalti huanza kuvunjika vizuri ikishapita nyuzi 700, kwa hiyo nyuzi 600 haziiondoi. Sulfati ya sodiamu ni mbaya zaidi: huyeyuka kwa nyuzi 884 bila kuondoka, na ikishayeyuka huunganisha chembe za unga wako. Nawe huwezi kupandisha moto upendavyo, kwa kuwa kwenye nyuzi 900 hivi Co₃O₄ yenyewe huanza kupoteza oksijeni na kuwa CoO. Usafi wa unga huu hupatikana ndani ya myeyusho. Kitu ambacho hakikuondoka mashapo yakiwa bado mabichi, tanuri halitakiondoa, isipokuwa kiwe kitu cha kuruka kama amonia.

Sasa rangi ulizoziona, kwa sababu zinaeleza jambo kubwa. Mashapo ya buluu ni hidroksidi ya kobalti ya aina ambayo tabaka zake zimeachana, na katikati ya tabaka hizo zimo ioni za sulfati zilizoshikwa na chaji ya tabaka zenyewe. Sulfati hiyo haimo ndani ya maji yaliyolowesha mashapo; imo ndani ya mwili wa mashapo. Unaweza kumimina maji hadi kesho, itatoka kidogo tu. Yakiachwa ndani ya kimiminika chenye alkali na joto, mashapo hayo hujipanga upya kuwa ya aina ya waridi, tabaka hukaribiana, na sulfati husukumwa nje. Kwa hiyo anayechuja upesi, rangi ya buluu ikiwa bado ipo, huwa amefungia sulfati ndani. Ule ukahawia ni kobalti inayooksidika kwa hewa. Hauharibu usafi, lakini hufanya vipimo vyako vitofautiane kati ya siku na siku.

Kuhusu uoshaji, kasoro iko katika namna ya kuosha kuliko katika wingi wa maji. Donge lililo juu ya chujio hupasuka kama udongo wa kiangazi, na maji unayoyamimina hupita katika nyufa bila kugusa sehemu kubwa ya mashapo. Litoe donge, livuruge ndani ya chombo chenye maji ya moto hadi liwe uji usio na vidonge, koroga kwa nusu saa, ndipo uchuje tena. Hesabu yake ni rahisi. Donge likibaki na lita 1 ya kimiminika nawe ukaongeza lita 9 za maji, chumvi iliyoyeyuka hupungua mara 10. Ukirudia mara ya tatu imepungua mara 1,000. Pima maji ya mwisho: chukua kidogo, tia matone ya asidi ya hidrokloriki, kisha kloridi ya bari. Yakitia ukungu mweupe, sulfati bado ipo.

Pamoja na hayo yote, sikushauri kuendelea na soda kali. Tuna desturi ya kuitumia kwa kuwa ni nafuu na iko kila duka la kemikali, lakini kila tone lake linaleta sodiamu unayotakiwa kuitoa baadaye kwa jasho. Metabisulfiti nayo ni mlango wa pili wa sodiamu. Mahali pake tia maji ya oksijeni, yaani peroksidi ya hidrojeni, kidogo kidogo ndani ya asidi: huzishusha kobalti na manganizi za daraja la juu hadi daraja la chini ziyeyuke, na yenyewe huacha maji na oksijeni tu.

Fundi wa Likasi

Ninakubaliana na Mama kuhusu uoshaji. Ningependa kurudi nyuma zaidi, kwa sababu magnesiamu na manganizi hazikuingia katika maabara yako. Zilikuja na gunia. Viwanda vyetu vingi hutumia oksidi ya magnesiamu kuishusha kobalti kutoka katika myeyusho, na sehemu ya magnesiamu ambayo haikumenyuka hubaki ndani ya hidroksidi. Manganizi nayo hushuka pamoja na kobalti, kwa kuwa pH zao ziko karibu. Mchinjaji wa kwanza wa usafi ni kudhani kwamba hatua ya mwisho ya kushusha mashapo itachagua kobalti peke yake.

Manganizi itoe kabla. Myeyusho ukiwa wa moto, pH kati ya 3 na 4, persulfati ya amonia huioksidisha ikatoka kama dioksidi nyeusi, nayo hugharimu kobalti kidogo inayoandamana nayo. Wengine hutumia permanganati ya potasiamu, lakini hiyo huacha potasiamu. Tazama utakavyoona jambo lile lile kila mahali: kitendanishi chenye amonia, au chenye kuoza kuwa maji na gesi, hakikuachii deni.

Kwa magnesiamu na nikeli, viwanda hutumia kimiminika cha kikaboni kinachoshika kobalti na kuacha nyingine ndani ya maji. D2EHPA hutumika kwanza kutoa zinki, kalisiamu na mabaki ya manganizi. Kisha Cyanex 272, pH ikiwa kati ya 5 na 5.5, huchukua kobalti na kuacha nikeli. Magnesiamu huandamana na kobalti kwa kiasi fulani, ndiyo maana kimiminika hicho huoshwa kwa myeyusho safi wa sulfati ya kobalti kabla ya kuvuliwa kobalti yake kwa asidi. Katika funeli ya kutenganishia inawezekana, ila pH hushuka kila unapotikisa, kwa sababu kimiminika hicho hutoa asidi kinapopokea kobalti. Irekebishe pH kwa amonia, usirudi kwenye soda.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa, lakini siwezi kulinyamazia: madini ya kobalti ya Katanga mara nyingine huja na urani. Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, haiko mbali na mahali ninapoandikia, na mwaka 2018 mgodi mmoja wa Kolwezi ulisimamisha kuuza nje kobalti yake kwa sababu hiyo hiyo. Hidroksidi yako ipimwe mionzi kabla hujaanza kuikusanya katika chumba mnachofanyia kazi. D2EHPA hushika urani kwa nguvu sana, kwa hiyo kimiminika kilichotumika muda mrefu kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko malighafi yenyewe.

Mtafiti wa Katuba

Ninawashukuru sana, Mama na mzee wangu wa Likasi. Jambo la tabaka za buluu limenifungua macho, na sasa ninaelewa kwa nini salfa haikupungua hata maji ya kuoshea yalipokuwa mengi.

Bajeti yangu haifikii Cyanex. Nimesoma kwamba asidi ya oksaliki hushusha kobalti ikiwa bado ndani ya asidi, na kwamba oksalati huungua yote ikaacha oksidi. Je, njia hiyo peke yake inatosha kuitenga kobalti na uchafu uliotajwa?

Mkemia wa Ruashi

Ndugu yangu, oksalati ni njia nzuri sana kwa kazi yako, lakini tusiipe sifa isiyo yake. Inatenga vizuri na baadhi ya metali, na nyingine inazishusha zote pamoja na kobalti.

Chuma cha daraja la tatu na alumini hubaki ndani ya maji, kwa sababu oksalati huvikumbatia vikayeyuka. Magnesiamu hubaki pia kwa sehemu kubwa, mradi usikawie: oksalati yake huchelewa kushuka, kwa hiyo ukichuja siku hiyo hiyo unaiacha ndani ya kimiminika, na ukilaza chombo hadi asubuhi utaikuta chini pamoja na kobalti. Manganizi hubaki kwa sehemu tu. Nikeli, zinki, shaba na kalisiamu hazibaki. Oksalati zake haziyeyuki, nazo zitaingia katika unga. Na hapa ndipo chokaa yako inapokugeuka. Chokaa ikikutana na sulfati hufanya jasi, nayo huyeyuka katika maji takriban gramu 2 kwa lita, kwa hiyo kila myeyusho wa sulfati uliotibiwa kwa chokaa hubeba kalisiamu, na oksalati itaishusha karibu yote. Ukiamua kufuata oksalati, chokaa itoke katika mpango wako. Pandisha pH kwa karbonati ya kobalti uliyoitengeneza mwenyewe kutoka katika sehemu ndogo ya myeyusho safi, au kwa bikarbonati ya amonia iliyotiwa polepole. Karbonati ya kobalti ni bora zaidi, kwa kuwa inachokiongeza ndicho kile kile unachokitafuta.

Sasa namna ya kushusha. Myeyusho wa kobalti uwe kwenye nyuzi 60 hadi 70, pH karibu na 2, nao wa asidi ya oksaliki uingie kwa matone huku unakoroga. Usimimine kwa mara moja. Ukienda polepole unapata fuwele za waridi zenye umbo la vijiti, zinazotulia chini upesi na kuchujika bila shida, na fuwele halisi haishiki kimiminika ndani yake jinsi mashapo ya hidroksidi yanavyokishika. Hiyo ndiyo faida kubwa ya oksalati, kuliko hata uchaguzi wake wa metali. Kadiri oksalati inavyoshuka, asidi ya sulfuriki huachwa nyuma, pH huteremka, na sehemu ya kobalti hukataa kushuka. Utashawishika kutia soda ili kuipata yote. Usitie. Tumia oksalati ya amonia katika nusu ya mwisho, bila kuzidisha, kwa sababu oksalati na amonia zikizidi huifunga kobalti tena ndani ya maji. Kobalti inayobaki irudishe katika kundi linalofuata, haijapotea.

Pia ukumbuke mizani. Oksalati ya kobalti yenye maji yake mawili, gramu 183, hutoa gramu 80 hivi tu za Co₃O₄. Uchafu usioruka haupungui pamoja nayo. Sodiamu ya sehemu 100 kwa milioni ndani ya oksalati itakuwa kama sehemu 228 ndani ya oksidi. Kwa hiyo maabara ikikuambia kwamba oksalati yako ina asilimia 99.95, usifurahi kabla hujazidisha.

Mama wa Maabara, Kamalondo

Mkemia wa Ruashi amesema vizuri, nami naongeza upande wa vyombo, ambao wanafunzi wengi huuacha nje ya taarifa zao.

Mwanangu, ikiwa utatumia kimiminika cha alkali chenye joto, kisikae ndani ya bika ya kioo. Alkali hula kioo, nacho hutoa silika, boroni na sodiamu. Tumia polipropileni. Kinu cha kaure kiache, na chekeche la shaba nyeupe liache kabisa, kwa kuwa litakuletea shaba na zinki ambazo hukuwa nazo, nailoni inatosha. Maji ya bomba na ya kisima yasiguse mashapo hata katika mwosho wa kwanza. Maji mengi ya ardhini ya huku kwetu hupita katika miamba ya dolomiti, nayo hubeba kalisiamu na magnesiamu, na oksalati iliyobaki ndani ya donge itaishusha ile kalisiamu hapo hapo kwenye chujio. Tumia maji yaliyokenekwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kuanzia Mei hadi mvua zitakaporudi, vumbi jekundu la mji huu liko kila mahali: juu ya meza, ndani ya tanuri, kwenye mikono ya koti. Lina chuma, alumini na silika. Funika kila chombo, na andaa sampuli tupu, yaani pitisha maji na asidi katika hatua zote bila kobalti, kisha uyapime. Jopo likikuuliza chuma kilitoka wapi, sampuli hiyo itajibu.

Vidonge vigumu sijavigusa. Maji yanapokauka ndani ya vinyweleo huvuta chembe zikakaribiana kwa nguvu ya mvutano wa uso, na chembe zenye hidroksili zikigusana huunganika, kisha moto unaimarisha muungano huo. Mwosho wa mwisho ufanye kwa ethanoli: mvutano wake wa uso hauzidi theluthi moja ya ule wa maji. Tandaza unga uwe mwembamba na uukaushe kwa nyuzi 80. Fuwele za oksalati hazina tabia hiyo sana, lakini ethanoli haitakudhuru, mradi yote iwe imekauka kabla ya kuingia tanurini.

Mtafiti wa Katuba

Nitabadilisha mpango wote: maji ya oksijeni, karbonati ya kobalti mahali pa chokaa, kisha oksalati. Kwa zinki na nikeli nitapima kwanza malighafi. Nikikuta ni nyingi, nitatafuta maabara yenye D2EHPA na Cyanex tushirikiane. Limebaki swali moja. Tanuri letu ni dogo na umeme hukatika mara kwa mara. Je, ninaweza kujaza kalibu ndefu na kuifunika ili vumbi lisiingie, na itakuwaje moto ukikatika katikati?

Mkemia wa Ruashi

Kalibu ndefu iliyofunikwa ni hatari, ndugu yangu, na nakuomba usiijaribu. Maji ya fuwele hutoka kabla ya nyuzi 200 au karibu na hapo. Kisha kwenye nyuzi 300 hivi oksalati yenyewe huvunjika na kutoa gesi za kaboni, ikiwemo monoksidi ya kaboni. Hewa ikiwepo, gesi hiyo huungua na kobalti huwa Co₃O₄ moja kwa moja. Hewa ikikosekana, kama chini ya kalibu iliyojaa, oksalati huacha kobalti ya metali, unga laini mno unaoweza kuwaka wenyewe utakapoufunua ukiwa na joto. Tandaza unga katika sahani pana ya alumina, unene usizidi milimita chache, mlango wa tanuri uache nafasi ya hewa, na bomba la moshi litoke nje ya jengo. Vumbi lizuie kwa kusafisha tanuri na kulichoma likiwa tupu siku moja kabla.

Panda polepole, nyuzi 2 kwa dakika hadi 350, ukae hapo saa moja, kisha nenda 600 au 650 kwa saa mbili. Ule upolepole wa mwanzo ni wa lazima, kwa sababu mwako wa gesi huongeza joto juu ya lile unalosoma kwenye kipimo, na unga ulioungua kwa ghafla hushikana.

Umeme ukikatika baada ya 400, usiwe na wasiwasi, oksidi imekwisha kufanyika na utaendelea utakaporudi. Ukikatika kati ya 250 na 350, feni ya moshi imesimama lakini tanuri bado ni la moto na gesi inaendelea kutoka. Toka chumbani, acha madirisha wazi, na mlango wa tanuri usiuguse hadi lipoe. Kwa hiyo choma mchana, kiasi kidogo kidogo, watu wakiwepo karibu. Ukishapoa, vaa barakoa ya vumbi laini kabla ya kuhamisha unga, kwa kuwa vumbi la kobalti hudhuru mapafu.

Kisha pima uzito. Oksalati kavu yenye maji yake mawili ikiwa imegeuka yote kuwa Co₃O₄, kinachobaki ni asilimia 43.9 ya uzito wa mwanzo. Ukipata karibu na 41, una CoO. Ukikaribia 32, una metali. Ukizidi 44, ama oksalati haijaisha ama kuna kitu kisichoruka ambacho kilipaswa kuoshwa. Rudisha tanurini kwa nyuzi 600 na hewa ya kutosha hadi uzito usibadilike tena, ndipo sampuli iende kupimwa.